Mashine kwa Dada, Gemu kwa Wifi

Wivu wa dada mtu huyu haukuanza na pesa, ulianza na kiti. Kiti chenyewe si cha kumtoa mtu roho: cha plastiki, cha buluu, mguu mmoja umepasuka na kuzungushiwa selotepu. Lakini kila jioni, akiwa nyuma ya kaunta ya duka lake la gemu, alikiona kiti hicho ng'ambo ya barabara, mlangoni mwa duka la wifi yake, na juu yake amekaa mdogo wake, Kitindamimba, viatu amevivua, anacheka na watu.

Tuanze mbali kidogo, ili mtu asije akamhukumu bure. Wazazi wao walitangulia mapema, wakamwachia mtoto wa kiume ambaye hata kufunga vifungo vya shati alikuwa hajui. Dada mtu akamlea. Waposaji walikuja, maana hakuwa na ubaya wa sura wala wa tabia. Aliwauliza swali moja tu, kwamba yule mtoto atalala wapi, nao kila mmoja akakumbuka ana shughuli mahali. Basi hakuolewa. Alifungua duka, la kwanza mtaani kuuza mashine za gemu, zile zinazounganishwa na televisheni, pamoja na diski zake na pedi za kushika mkononi. Watu wakambandika jina la Bi Mashine, naye akalipenda mpaka akaliandika kwenye bango.

Kitindamimba alikulia nyuma ya kaunta ile. Hata alipoota ndevu na kupata kazi yake ya kufunga nyaya za umeme majumbani, jua likianza kushuka alikuja dukani kwa dada yake, akavua viatu, akajitupa kwenye kiti cha buluu mbele ya televisheni ya maonyesho, akacheza. Alicheza kwa mbwembwe. Akifunga bao, duka zima linashangilia; akifungwa, duka zima linaguna. Gemu aliyoicheza jioni ile ndiyo watu waliyoinunua kesho yake. Dada mtu hakuwahi kuliona hilo kuwa ni biashara. Kwake ilikuwa raha tu, ya kusikia sauti ya mdogo wake huku yeye anapanga vitu. Pesa za mashine, za diski na za pedi zote aliziingiza kwenye droo moja, mwisho wa mwezi akaifungua, akaona zinatosha, akashukuru. Kisha walifunga duka pamoja na kurudi nyumbani pamoja.

Halafu Kitindamimba akaoa. Mke wake alikuwa muuzaji katika duka moja kubwa la simu katikati ya mji, mwanamke mwepesi wa kazi, mpole wa maneno, mwenye salamu. Dada mtu alimtafuta kasoro mwezi mzima, akaikosa, na hilo likamuudhi kuliko kasoro yenyewe. Chumba cha ng'ambo ya barabara kilipobaki wazi, huyo wifi akakipanga, akasema na yeye atauza gemu, biashara anaijua na mtaa unajaa vijana.

"Wifi, sasa tutakuwa tunaonana kila siku," alisema, akamkumbatia.

Kama alisema kwa moyo mweupe au kwa moyo mwingine, mimi siapi. Ninachojua ni kwamba siku ya kufungua, Kitindamimba alikuja kuomba msaada wa ngazi, na alipoondoka na ngazi begani alibeba na kiti chake mkononi. Alimwambia dada yake kwamba anarudi sasa hivi. Alirudisha ngazi.

Tangu hapo dada mtu alikosa usingizi na akapata kazi mpya, ya kuhesabu maboksi. Mashine ya gemu hutoka dukani ndani ya boksi kubwa lenye picha, na mnunuzi akilibeba kwapani mtaa wote unaona. Kila boksi lililotoka ng'ambo lilimchoma. Alisimama shingo imerefuka mpaka jirani yake, mshonaji wa nguo mwenye cherehani mlango wa pili, akamtania kwamba nguo zake zijazo itabidi ziongezewe kola.

"Wameuza tatu leo," dada mtu alimwambia.

"Na wewe umeuza ngapi?"

Hakujua. Alikuwa anaangalia ng'ambo.

Hapo ndipo vita vya bei vilipoanza. Mashine moja aliinunua kwa wakala wa jumla kwa laki tano na kuiuza laki tano na elfu hamsini. Akashusha, akaandika laki tano na ishirini. Wifi naye akashusha, tena bila kelele, alifuta tarakimu na kuandika nyingine. Dada mtu akashusha mpaka laki tano kamili, pale ambapo muuzaji hapati kitu zaidi ya mazoezi ya kunyanyua maboksi. Wifi akafuata. Basi dada mtu akaagiza bango jipya, refu kuliko mlango, linalosema laki nne na themanini.

Mshonaji akalisoma, akaacha kukanyaga cherehani. Alimuuliza kama si laki tano ile ile anayolipa kwa wakala. Dada mtu akamwambia ndiyo, na kwamba angoje aone nani atalia kwanza.

Hesabu yake ilikuwa hivi: wifi hataweza kuuza kwa hasara, duka litakufa, wifi atarudi kwenye simu zake katikati ya mji, na Kitindamimba atavuka barabara na kiti chake mkononi. Pesa zikipotea zitatafutwa tena. Aliyemtaka ni mdogo wake, na alikuwa tayari kumnunua kwa bei yoyote.

Na kweli, safari hii wifi hakufuata. Maboksi yakaacha kutoka ng'ambo. Baada ya muda rafu ya mashine ya kule ikawa tupu kabisa, dada mtu aliiona kwa macho yake, mbao nyeupe peke yake. Siku hiyo alimnunulia mshonaji soda na akacheka mpaka akashika mbavu. Wateja walijaa kwake. Ili asiishiwe maboksi, kila senti iliyoingia aliipeleka kwa wakala kuleta mengine. Diski zilizouzwa hakurudishia nyingine. Zilizobaki zilikuwa za gemu za zamani, zimepigwa vumbi, hata mwizi angezipita.

Jambo moja tu lilimkera. Duka la ng'ambo halikuwa na boksi hata moja, lakini watu hawakuacha kuingia. Waliingia, wakakaa, wakacheka, wakatoka mikono mitupu. Alijiambia kwamba ni wavivu, wanakuja kumwangalia Kitindamimba akicheza bure, wanajaza kelele na hawajazi droo. Kilichomuuma zaidi ni wateja wake mwenyewe. Mtu ananunua mashine kwake, anaiweka kwapani, halafu badala ya kwenda zake nyumbani anavuka barabara moja kwa moja kwenda kwenye kile kiti cha buluu. Dada mtu aliamini wanakwenda kujishaua. Aliona hata maboksi yake yamepata bahati ya kukaa na mdogo wake, na yeye hana.

Kuna siku Kitindamimba alipita kumsalimia. Alisimama mlangoni, akauliza kuhusu afya, akauliza kama taa ya stoo bado inazimikazimika. Dada mtu alimtazama miguuni. Viatu alikuwa amevaa, na kamba amezifunga. Akamjibu kwamba taa ni nzima, ingawa ilikuwa mbovu, kwa hasira tu.

Siku chache baadaye wakala wa jumla akaja, mtu mnene mwenye mkoba na jasho. Kwa kawaida alipiga simu. Dada mtu akajua si heri. Wakala akaomba maji, akanywa, ndipo akasema kwamba kampuni inayotengeneza mashine imekata bei, na kuanzia juma hilo maduka yote yatazinunua kwa laki nne na nusu.

Stoo yake ilikuwa imejaa maboksi aliyoyanunua kwa laki tano. Aliomba ayarudishe. Wakala akasikitika kwa dhati, akasema mzigo ukishaingia kwa mtu ni wake. Sasa duka lolote la mjini lingeweza kuuza kwa laki nne na themanini na kupata faida, wakati yeye kwa bei hiyo hiyo anavuja damu. Akaanza kuitukana kampuni. Akauliza kama hao watu wana akili timamu, kushusha bei ya kitu ambacho kila mtu anakitaka, na kama wao hasara haiwaumi.

Wakala akacheka. "Kwenye mashine wanapata hasara, tena wanaipangia kabisa."

"Sasa wanakula nini?"

"Gemu. Kila gemu inayouzwa kwa ajili ya mashine ile, popote duniani, fungu lao limo ndani. Mashine ni mlango tu. Wanakufungulia karibu bure uingie, ukishaingia utanunua gemu miaka." Akapangusa mdomo kwa leso. "Na wewe, Bi Mashine, hizo ulizokuwa unauza kwa hasara, fungu lako unalipata wapi?"

Macho ya dada mtu yalikwenda ng'ambo yenyewe, kwa mazoea. Mteja aliyenunua boksi kwake asubuhi alikuwa anatoka kwa wifi, mikono mitupu kama wengine wote. Safari hii dada mtu alimtazama vizuri. Mteja yule alisimama kwenye ngazi za mlango, akapapasa mfuko wa koti kuhakikisha kitu kimo, ndipo akaenda.

Boksi linaonekana mtaa mzima. Diski inaingia mfukoni, vocha ya gemu za mtandaoni ni kijikaratasi, na pedi inakaa ndani ya mfuko mdogo wa mkononi. Miezi yote ile alikuwa anahesabu kitu kilichoonekana. Ile rafu nyeupe iliyomchekesha mpaka akashika mbavu haikubaki tupu kwa sababu wifi ameshindwa. Wifi alikuwa ameondoa mzigo usiomlipa, akaweka unaomlipa, na mlango wa kuingilia wateja akamwachia wifi yake augharimie.

Alitaka kujidanganya kwamba labda imetokea hivyo kwa bahati. Jioni ile ile akaingia baba mmoja na binti zake wawili, akataka mashine. Dada mtu alimuuliza bei ile ameisikia kwa nani.

"Kwa yule mama wa ng'ambo," baba yule alisema. "Mimi nilitaka kununua kwake. Akaniambia mashine nije kwa wifi yake, mji mzima hakuna bei kama hii, halafu gemu nirudi kwake. Kwa kweli mnapendana nyinyi, siku hizi ni nadra."

Dada mtu akamshukuru. Akamfungia boksi kwa kamba ili binti zake washike huku na huku, akasimama mlangoni kuwaangalia wanavyovuka. Kitindamimba aliinuka kwenye kiti chake kuwapokea.

Hakula chakula siku ile. Wivu wa kwanza ulikuwa wa kuibiwa mdogo wake, sasa umeongezeka na wa akili. Angalau mwizi mjinga unaweza kumdharau. Alilala chali akiwaza kwamba mwanamke yule aliona katika siku chache kitu ambacho yeye hakukiona maisha yake yote, na kwamba pesa alizozitoa kumfukuza ndizo zilizomjengea.

Mshonaji, ambaye alikuwa na huruma lakini hakuwa na subira, alimpa ushauri mfupi. Auze maboksi yaliyobaki kwa bei yoyote, alete diski mpya, awashe televisheni ya maonyesho, mashine aziuze kwa bei ya mji, biashara irudi. Kila neno lilikuwa sahihi.

"Na nani atacheza?" dada mtu aliuliza.

Mshonaji akakanyaga cherehani, akajifanya hakusikia.

Maboksi yakaisha. La mwisho liliondoka kwa laki nne na sitini, na duka likabaki na mwangwi kama chumba kilichohamwa. Dada mtu alikaa nyuma ya kaunta akipanga zile diski za zamani, kwa herufi, kisha kwa rangi. Jua lilikuwa limeshuka. Aliponyanyua uso alimwona Kitindamimba anavuka barabara, na mkononi amebeba kiti cha buluu.

Moyo ulimlipuka. Nasema wazi, kwa muda ule, kuanzia ukingo wa barabara mpaka mlangoni, alisamehe kila kitu: bango, hasara, wakala na jasho lake, hata wifi. Alijiona ameshinda, na bei haikuwa kubwa. Kitindamimba aliingia, akakiweka kiti mahali pake pa zamani mbele ya televisheni, akakaa. Dada mtu akatazama miguu yake, akangoja.

Hakuvua viatu.

"Dada, nimetumwa," alisema. "Wateja wanauliza mashine, na kwako naona zimekwisha. Mke wangu anasema usiache kuzileta. Bei mpya ni laki nne na nusu, wewe uza laki nne na thelathini, na sisi kila mashine tutakupa thelathini. Ile hasara tunaifuta, na kumi ni faida yako. Diski na pedi zibaki kule."

Alisema kwa furaha, kama mtu aliyeleta zawadi. Dada mtu alihisi uso unawaka. Kumbe vita vyenyewe alikuwa anavipigana peke yake, na sasa aliyempiga anamletea mshahara. Alitaka kumwambia amrudishie mke wake hizo thelathini zake. Badala yake akaonyesha kwa kidole.

"Na hiki kiti?"

"Nimekurudishia. Kule amenunua vipya, vya kuzunguka."

Mlango wa pili cherehani ilinyamaza. Dada mtu aliinamisha kichwa, akachukua diski moja, akaifuta vumbi kwa ukingo wa kanga mpaka ikang'aa. Alifikiri kuhusu wakala na maneno yake. Kampuni kubwa inakubali kuumia kwenye mashine kwa sababu kuna kitu inakitaka upande wa pili. Wao wanataka gemu. Yeye gemu alikuwa hazitaki, hata zile zilizokuwa rafuni alikuwa amezisahau.

"Mwambie wifi yangu nimekubali," alisema. "Ila hiyo thelathini isitumwe kwa simu."

"Kwa nini? Simu ndiyo rahisi."

"Simu yangu mbovu."

Simu ilikuwa kwenye kaunta, kioo kizima, inawaka. Kitindamimba akaiangalia, akamwangalia dada yake.

"Nataka mkononi," dada mtu akaendelea. "Na uniletee wewe, kila jioni, za siku ile. Halafu usiniwekee na kukimbia. Ukae hapo mpaka nihesabu zote, isije ikawa ugomvi wa pesa kati ya ndugu."

Kitindamimba akasema sawa, dada, akarudi ng'ambo kupeleka majibu. Mshonaji alikuja kwenye kizingiti na sindano mdomoni, akamwambia kwamba amewahi kuona biashara mbaya lakini si ya mtu kuikubali akiwa macho. Dada mtu akamjibu kwamba asimeze sindano.

Maboksi mapya yakaja, bango likaandikwa upya, wateja wakanunua na kuvuka barabara kama kawaida yao. Siku ya kwanza ziliuzwa mashine tatu, yaani elfu tisini, noti chache tu ambazo mtu angezihesabu kabla hajamaliza kupiga chafya. Dada mtu alilijua hilo, na mchana kutwa alikuwa anatafuta mbinu ya kuchelewa.

Jioni Kitindamimba akaja na bahasha. Ilikuwa imevimba. Akakaa kwenye kiti cha buluu, akamkabidhi. Dada mtu alipoimimina kwenye kaunta zikatoka noti ndogondogo tupu, kuukuu, zimejikunja, na chini yake sarafu nyingi zikaviringika mpaka ukingoni.

"Mbona chenji tupu?"

"Sijui," Kitindamimba alisema. "Yeye ndiye aliyefunga. Kutwa nzima alikuwa anawaomba wateja wamvunjie pesa kubwa, mpaka tukamwona kituko."

Dada mtu akatazama ng'ambo. Wifi yake alikuwa anafagia ngazi za duka, amewapa mgongo, wala hakugeuka. Wivu ukampanda upya, maana hata hili mwanamke yule alikuwa amemtangulia kulifikiria, na safari hii hakuwa na pa kumlaumu.

Akalowesha kidole, akaanza kuhesabu. Alipofika katikati akasema amepotea, akaanza tena. Kitindamimba akainama, akafungua kamba, akavua viatu.